Wanakamati walionyamaza kwenye mradi wa programu huria, tunawabadilishaje bila ugomvi?

kijana_ntinda
Habari zenu wakubwa. Tuko na mradi wa programu huria hapa Kampala, ni programu ya kutunza hesabu za SACCO ndogo ndogo, yeyote anaichukua bure na kuibadilisha, inatumika huku na hata Busia pande zote mbili za mpaka. Kamati yetu ni watu saba na hao saba hawakupigiwa kura, mwanzilishi aliwaita tu wale waliokuwepo, na wakati ule ilikuwa sawa maana nani mwingine alikuwepo. Sasa mmoja yuko Canada anasoma, mwingine kapata kazi benki hana muda, wa tatu hajibu hata salamu na domeini (anwani ya tovuti) na seva ziko kwa jina lake. Tulikubaliana lazima wanne wakubali ndio mabadiliko yapite, sasa kazi za watu zinakaa miezi na vijana wazuri wanachoka wanaenda zao. Ukitaja kubadilisha kamati kwenye grupu la WhatsApp inaonekana tunafukuza wakubwa, na hao watu waliufanyia huu mradi mengi banange, hakuna anayekataa. Wengine wanasema tupige kura, lakini apige nani? Grupu lina watu zaidi ya mia tatu na wengi hawajawahi kutuma chochote. Nyinyi kwenu mnafanyaje?

wa_jinja
Pole ndugu. Shida yenu mliweka namna ya kuingia kamatini hamkuweka namna ya kutoka, kwa hiyo kila anayetoka lazima ionekane kafukuzwa. Angalia Python, ile lugha ya kuandikia programu, nayo ni huria. Mwanzilishi wake Guido van Rossum alipojiuzulu kuongoza Julai 2018 walibishana sana watawaliwe vipi, Desemba wakapigia kura mfumo wa baraza la watu 5, wa kwanza wakachaguliwa mwanzoni mwa 2019. Kwenye katiba yao kuna kifungu kifupi mno, mjumbe akipotea, hapatikani mwezi mmoja au zaidi, wenzake wanaweza kupiga kura kumweka mwingine. Basi. Hakuna kesi, hakuna kumsema mtu, ni kalenda tu inahesabu. Alafu viti vyote vinapigiwa kura upya kila toleo kubwa likitoka, na siku hizi linatoka kila mwaka, kwa hiyo aliyechoka anangoja tu uchaguzi hagombei tena na hakuna anayeuliza kwa nini.

Kuhusu nani apige kura, kwao wanaopiga ni wale wa timu ya ndani waliopewa haki ya kuingiza mabadiliko, si kila anayeitumia Python, hiyo ingekuwa nusu ya dunia. Kwa hiyo hao mia tatu wa grupu waache wasome tu.

dada_arua
Hapo mwisho nakataa kabisa wa_jinja. Mimi siandiki msimbo (code), niko upande wa kumbukumbu za wagonjwa, na UgandaEMR tunayotumia kwenye vituo imejengwa juu ya OpenMRS ambayo ni programu huria, na nakwambia anayejua fomu imekosea wapi si developa, ni yule karani anayeijaza siku nzima foleni ikiwa imefika nje. Kwenye huo mradi wa SACCO lazima kuna mweka hazina mahali fulani aliyewaambia riba inahesabiwa vibaya, kuna aliyetafsiri menyu, kuna anayefundisha vikundi vipya kila wikendi bila malipo. Ukisema mpiga kura ni mwenye kutuma msimbo tu umewatoa hao wote na kamati itabaki ya watu wa aina moja wanaofikiria aina moja.

Fanyeni hivi, andikeni orodha ya kila mtu aliyefanya kitu kinachoonekana ndani ya mwaka uliopita, msimbo, tafsiri, kuripoti makosa, mafunzo, chochote chenye ushahidi, muibandike hadharani wiki mbili ili aliyesahaulika aseme, alafu ifungwe kabla hata mgombea mmoja hajatajwa. Na kura iwe ya siri tafadhali. Mnakumbuka uchaguzi wa LC1, viongozi wa kijiji, Julai 2018 tulivyopanga mstari nyuma ya wagombea, jirani anakuona, mwenye duka anayekukopesha anakuona. Kwenye kikundi kidogo kama chenu ndio kabisa, nani atanyoosha mkono kumpinga mtu aliyemfundisha kazi? Hata Debian, mradi wa mfumo huria wa kuendesha kompyuta, wenye watu wengi hivyo walibadilisha katiba 2022 ili isionekane nani kapigia nini kwenye kura zao za jumla.

mzee_tororo
Dada kasema vizuri. Mimi nawaomba kitu kimoja, kura isitangulie. Anza na huyo mwenye domeini na seva. Akisikia kwanza kwenye grupu kwamba anatolewa, hata kama ni mtu mzuri atakasirika na funguo anazo yeye, na domeini ikiisha muda bila kulipiwa mtu mwingine anaweza kuichukua na watu wa SACCO wanaofungua ile anwani wataangukia kwa asiyejulikana, na hapo tunazungumzia hesabu za pesa za watu. Mpigie simu, au mwende wawili mkamwone, mwombe ahamishie kila kitu kwenye akaunti ya mradi yenye maadmini wawili au watatu. Mengine yatafuata.

Pili msiwatoe wote siku moja. Kamati ya ufundi ya Debian haizidi watu 8 na wana utaratibu ambao mimi naupenda sana, kila tarehe 1 Januari wanaangalia wale wawili waliokaa muda mrefu kuliko wote, kama mtu amepita miezi 42 basi muda wake unaisha 31 Desemba ya mwaka huohuo. Ana mwaka mzima wa kukabidhi kazi. Na hawezi kurudishwa mpaka akae nje miezi 12. Hivyo siku zote wanabaki wanaojua kwa nini jambo fulani liliamuliwa hivi. Na wanaotoka wapeni heshima yao iandikwe, miradi mingi ya Apache, lile shirika la programu huria, ina orodha ya emeritasi (wastaafu wa heshima), jina linabaki mtu hana mzigo. Huyo wa Canada mwambie hivyo uone kama hatashukuru.

kijana_ntinda
Asanteni sana, hii ya mwaka wa kukabidhi sikuwahi kuifikiria. Swali lingine, kati ya wanne wanaofanya kazi wawili wameajiriwa kampuni moja, na kampuni hiyo imeanza kusema itatulipia seva lakini inataka kiti cha tatu. Tukatae?

wa_jinja
Pesa ya seva pokeeni, kiti kipigiwe kura kama vingine. Python hawaruhusu zaidi ya wawili kati ya 5 kutoka kwa mwajiri mmoja, wakishinda watatu yule mwenye kura chache kati yao anapisha na aliyefuata kwenye orodha anapanda. Kamati ya uongozi ya Kubernetes, programu huria ya kusimamia programu kwenye seva nyingi, ina watu 7 na mwajiri mmoja hapiti theluthi, yaani wawili. Kwenu saba pia, wekeni wawili. Na iandikeni sasa hivi kabla majina hayajatoka, mkingoja wagombea wajulikane kampuni itasema mmeandika kuwalenga wao, na kusema ukweli watakuwa sahihi.

Na dada_arua, hoja ya makarani nimeikubali, orodha iwe ya wote.

kijana_ntinda
Sawa. Jumamosi naenda na mwenzangu kwa huyo wa seva, yuko Mukono si mbali. Orodha ya waliofanya kazi naianza leo usiku, dada nitakutumia uone kama nimeacha watu wa mafunzo.