Hedifoni za ohm 250 na amplifaya ya mfukoni: nichukue zote mbili?

Mkorosho_Mchanga: Wakuu habari za humu. Nipo Chikongola, Mtwara. Korosho zimenipa vijisenti, nataka hedifoni za maana. Kuna jamaa anauza Beyerdynamic DT 990 Pro za mtumba kwa 180,000. Nimezijaribu kwenye simu, sauti hadi mwisho bado ndogo. Anasema nikiongeza amplifaya ya mfukoni ya 110,000 zitaamka. Ni kweli au ananiuzia maneno? Naonana naye jioni.

Fundi_Redio: Ohm ngapi, yaani ukinzani wake wa umeme?

Mkorosho_Mchanga: Zimeandikwa 250.

Fundi_Redio: Basi hajakudanganya. Hedifoni za ohm nyingi zinataka volti zaidi ndipo zipaze, na simu haina volti hizo. Ila kwa nini ununue gari linalodai trela? Tafuta za ohm 32, simu inazisukuma yenyewe. Hata Koss Porta Pro, za tangu 1984, ni ohm 60 na hazidai amplifaya. Za bluetooth ndiyo kabisa, amplifaya imo ndani.

Bi_Shangani: Mwanangu, 290,000 kwa ajili ya muziki? Mume wangu aliwahi kuchukua hela ya mnada akanunua spika kubwa. Mwezi wa tatu tukakopa unga. Ezeka kwanza.

Dereva_Mikindani: Mimi nilinunua za elfu tano stendi. Upande mmoja ulikufa kabla sijafika Mnazi Mmoja ya Lindi, nikasikiliza taarabu kwa sikio moja mpaka Dar.

Fundi_Redio: Mleta mada, utazisikilizia wapi? Hapo ndipo penye jibu.

Mkorosho_Mchanga: Kazini. Nasaga unga.

Fundi_Redio: Kwenye mashine?! DT 990 ziko wazi kwa nyuma, kelele yote inaingia. Utapandisha sauti ili uishinde mashine, na amplifaya itakupa nguvu ya kujiumiza. Achana nazo.

Mkorosho_Mchanga: Nimeshatanguliza 60,000, mkuu. Halafu hizi nilizonazo hazinitoshi tena. Sikio la kushoto limepungua, na usiku linalia kama nyenje.

Mzee_wa_Hoja: Chai hii. Msaga unga na hedifoni za studio? Ohm unazijua, sikio unalikumbuka mwishoni. Huyu ndiye muuzaji, anatafuta wateja.

Dereva_Mikindani: Tupia picha basi.

Mkorosho_Mchanga: Muuzaji gani anayesema sikio lake linalia? Jamaa alifunga studio yake, anauza vitu. Mimi nasikiliza kaswida, kutwa nzima, miaka minne sasa. Sikusema la sikio kwa sababu mtaniambia niache.

Bi_Shangani: Si chai hii. Marehemu baba alikuwa kinuni, alianza hivyo hivyo, kulia usiku. Mwisho tukawa tunamwita kwa kumgusa bega. Mwanangu, nenda hospitali ya Ligula kesho asubuhi.

Fundi_Redio: Msikilize mama. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 mwisho saa 40 kwa wiki, na zikifika 90 ni saa 4 tu. Hapo hujawasha hata kaswida, ni mashine peke yake. Nunua vizibo vya masikio au vile vikombe vya kiwandani. Kaswida sikiliza nyumbani, sauti ya chini. Na jamaa mwambie ukweli, huenda akakurudishia hata nusu.

Mkorosho_Mchanga: Nimempigia, kasema nije tuongee. Fundi, samahani, swali la mwisho. Nikichukua amplifaya peke yake, haitalisaidia hilo la kushoto?

Fundi_Redio: Hapana, ndugu yangu. Italimalizia.