Marufuku ya mifuko ya plastiki: inaokoa bahari au inafurahisha macho tu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba tulichambue hili bila kuoneana haya.

Serikali ikitaka ionekane inaijali bahari, mara nyingi huanza na mfuko. Bangladesh ilitangulia mwaka 2002, baada ya mifuko kuziba mitaro na kuzidisha mafuriko. Rwanda ikaja 2008, Kenya 2017 kwa adhabu inayofika kifungo cha miaka 4, Tanzania bara 2019. Orodha ni ndefu na sina ugomvi nayo. Ninachobisha ni ile dhana kwamba ukishapiga marufuku mfuko, bahari umeshaitendea haki.

Msimamo wangu ni huu: sera yenye uzito ni inayomlazimisha aliyeingiza kifungashio sokoni agharimie safari yake mpaka mwisho, na inayomlipa chochote yule anayekirudisha. Marufuku nzuri huja baada ya hapo, na kwa bidhaa chache ambazo mbadala wake upo.

Kwa nini nasema hivyo? Utafiti wa mwaka 2015 uliotoka kwenye jarida la Science ulikadiria kwamba mwaka 2010 nchi 192 zenye pwani ziliipa bahari kati ya tani milioni 4.8 na 12.7 za plastiki. Namba hizo zinanukuliwa kila kukicha. Kinachorukwa ni jinsi zilivyopatikana: watafiti waliangalia idadi ya watu wanaoishi karibu na pwani, taka wanazozalisha, na sehemu ya taka hizo isiyozolewa au inayomwagwa kwenye majaa ya wazi. Yaani mlango mkubwa ni taka ambayo hakuna aliyelipwa kuiondoa. Mvua inashuka, inaisomba hadi mtoni, mto unamalizia. Na si mito kumi tu inayoleta sehemu kubwa ya plastiki hiyo, kama tulivyoaminishwa wakati fulani. Utafiti wa 2021 ulionyesha kwamba kufikia asilimia 80 ya plastiki inayoletwa na mito inabidi uhesabu mito zaidi ya 1,000, mingi yake midogo inayokatiza mijini.

Sasa tazama Norway. Kuna kodi ya mazingira kwenye chupa na makopo ya vinywaji. Chupa zinavyorudi kwa wingi ndivyo kodi inavyoshuka, na zikifika asilimia 95 inafutika. Mnunuzi naye anaweka amana anapolipa, anarudishiwa akileta chupa tupu. Wenye viwanda na maduka wakaunda wenyewe mfumo wa kukusanya, maana kila chupa inayopotea inawauma mfukoni. Lithuania ilianzisha amana mwaka 2016, wakati ambapo chupa zilizokuwa zikirudi ni kama theluthi moja tu. Kufikia mwisho wa mwaka uliofuata zilikuwa zimevuka asilimia 90. Hakuna aliyetishiwa jela.

Karibuni mnipinge.

Nanga

Mkuu, umeanza vizuri ukaishia kuitukana marufuku bure.

Amana inahitaji mashine, maghala, mahesabu, wakaguzi, na kampuni zinazofuata sheria. Marufuku inahitaji forodha na ukaguzi wa soko. Kwa nchi yenye watumishi wachache na bajeti finyu hiyo si tofauti ndogo. Huwezi kuiambia nchi isubiri mpaka iwe kama Norway ndipo ianze kuzibua mitaro yake.

Halafu mfuko si chupa. Chupa ina uzito, ina mnunuzi, mtu ataiinama aiokote. Mfuko mwembamba hauna anayeutaka hata bure. Upepo unaubeba, unanasa kwenye miti, unaingia mtaroni, unashuka baharini na huko kasa anaumeza. Kwa kitu cha namna hiyo utaweka amana gani? Unakifuta tu.

Na kama jela inakukera, Ireland haikufunga mtu. Mwaka 2002 iliweka tozo ya senti 15 za yuro kwa kila mfuko, ilipwe na mteja mwenyewe pale kwenye kulipia. Matumizi yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 90. Wengi walipoanza kuzoea, wakaipandisha hadi senti 22 mwaka 2007. Sera rahisi, imefanya kazi. Urahisi umeanza lini kuwa kosa?

Mleta mada

Nanga, Ireland nakupa, tena kwa moyo mmoja. Lakini angalia ulichoniletea: tozo, siyo marufuku. Mteja aliona bei, akabadilika. Unanisaidia hoja.

Marufuku ikiandikwa vibaya inageuka kichekesho. California ilipitisha sheria mwaka 2014 ya kuondoa mifuko myembamba madukani, ikaacha mwanya: mfuko mzito unaoitwa wa kutumika tena ukaruhusiwa kuuzwa. Watu wakaununua, wakautumia mara moja, wakautupa. Uzito wa mifuko iliyoishia kwenye taka ukapanda. Ilibidi mwaka 2024 itungwe sheria nyingine ya kuziba huo mwanya. Ukipima plastiki kwa kilo, miaka kumi ilienda na maji.

Kuhusu mfuko kukosa mnunuzi, hapo umenibana. Nakubali kwamba kitu kisichokusanyika hakifai amana.

Kizibo

Nimefanya kazi ya kuchambua na kusaga plastiki, kwa hiyo niruhusuni niingie na mambo ya ndani kidogo.

Chupa ya maji mnayoiona kama kitu kimoja ni vitu vitatu. Mwili ni aina ya plastiki iitwayo PET. Kizibo ni polithini au polipropilini. Lebo inaweza kuwa chochote. Tukishasaga tunamwaga vipande kwenye tangi la maji: PET inazama, vipande vya kizibo vinaelea, tunavichota juu kwa chekecho na kila kimoja kinaenda kwa mnunuzi wake. Hapo kazi ni tamu. Tatizo linaanza lebo ikiwa ya PVC, aina nyingine ya plastiki, ile inayoibana chupa nzima kama soksi. PVC nayo inazama. Inabaki na PET, inaingia nayo kwenye joto, inaungua kabla PET haijayeyuka vizuri na inatia madoa mzigo mzima. Kwa macho huioni mapema. Unaijua mnunuzi anapourudisha mzigo.

Chupa za rangi nazo, hasa za kijani na buluu iliyokoza, bei yake ni nusu ya kuokota. Hakuna anayezigombania, na kisichogombaniwa ndicho mtakikuta mtoni.

Vipakiti vile vidogo vya sabuni na shampuu ndiyo kabisa. Vina tabaka la alumini katikati ya matabaka ya plastiki yaliyogandishwa pamoja. Hakuna mashine ya kawaida ya kuyatenganisha. Ukiniambia vinachakatwa upya, nitakuuliza wapi, na nani ananunua.

Kwa hiyo ninyi wawili mnabishana amana au marufuku, mimi nasema pigeni marufuku *muundo*. Korea Kusini mwishoni mwa 2019 ilizuia PVC kwenye vifungashio na kuzuia chupa za PET za rangi kwa maji na vinywaji baridi. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 unataka kizibo kibaki kimeshikamana na chupa. Watu wamelalamika eti kinawakwaruza pua. Mimi niliyekuwa nakusanya vizibo vilivyotapakaa ninakitakia maisha marefu.

Upepo wa Kusi

Mnaongea kama bahari imechafuliwa na maduka peke yake.

Lile eneo la takataka zinazoelea kaskazini mwa Pasifiki lilipopimwa, matokeo yakachapishwa 2018, asilimia 46 ya uzito wake ilikuwa nyavu za uvuvi. Nyavu, wakuu. Nailoni haiozi, kwa hiyo wavu uliokatika unaendelea kuvua peke yake: samaki ananasa, anakufa, anavuta wengine wanaokuja kumla, nao wananasa.

Sheria ipo. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa meli unakataza kutupa plastiki baharini tangu mwisho wa 1988. Ila katikati ya bahari nani anakuona? Adhabu bila shahidi ni karatasi tu. Kilichosaidia ni kubadilisha hesabu ya nahodha. Bandari ikitoza ada ya taka kwa kilo, atazimwaga kabla hajafika. Ndiyo maana sheria ya Ulaya ya 2019 inataka kila meli ilipe ada ileile, iwe imeleta taka au haikuleta, isipokuwa taka ikizidi kupita kiasi. Akishalipa, hana sababu ya kuzitosa. Korea Kusini imekuwa ikinunua nyavu chakavu kutoka kwa wavuvi tangu 2003. Norway inawataka wavuvi watoe taarifa ya zana zilizopotea na kila mwaka inatuma chombo kwenda kuzivuta.

Niongeze: wavuvi wadogo wasibebeshwe mzigo wa meli kubwa. Mwenye mtumbwi hatupi wavu kwa makusudi, wavu ndio mtaji wake.

Mchokozi

Nyote mnapiga deki huku bomba liko wazi.

Mwaka 2019 dunia ilitengeneza takriban tani milioni 460 za plastiki, kwa makadirio ya OECD, shirika la nchi tajiri kiuchumi, na kilichochakatwa upya kati ya taka zote ni asilimia 9. Tisa! Baada ya miongo ya matangazo na mapipa ya rangi. Karibu malighafi yote inatoka kwenye mafuta na gesi, na wenye visima wanazidi kujenga viwanda vya plastiki. Kila amana mtakayoweka itamezwa na ongezeko la uzalishaji.

Ndiyo maana mazungumzo ya mkataba wa dunia kuhusu plastiki yamekwama hapohapo. Azimio lilipitishwa Nairobi Machi 2022, lengo likiwa kumaliza kazi ifikapo mwisho wa 2024. Kikao cha Busan, Korea Kusini, kikapita bila mkataba, cha Geneva Agosti 2025 kikapita bila mkataba. Nchi nyingi zilitaka uzalishaji uwekewe kikomo. Wazalishaji wa mafuta wakasema tuongelee taka tu. Mleta mada, bila kukusudia unasimama upande wao.

Mleta mada

Mchokozi, jina lako limekufaa.

Hapana, sisimami upande wao, ingawa naona kwa nini umeniweka huko. Kikomo cha uzalishaji nakiunga mkono. Lakini mada ni sera za *taifa*, na taifa linaloagiza plastiki yote kutoka nje halina kiwanda cha kukiwekea kikomo. Linachoweza ni kutoza pale inapoingia. China ilipofunga mlango wa taka za plastiki za kigeni mwaka 2018, ilitumia forodha yake, haikusubiri mkataba. Nchi zilizozoea kusafirisha taka zao zikaanza kuhaha. Tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka kati ya nchi, nao unataka nchi inayopelekewa plastiki mchanganyiko iridhie kwanza. Taifa moja likikataa, mnyororo mzima unahisi.

Upepo wa Kusi, sina cha kuongeza. Nyavu zilistahili kuwa kwenye andiko langu la kwanza.

Karani

Nimesoma kimya mpaka hapa. Swali langu ni la kikarani: hela inakaa wapi?

Tozo ikiingia hazina kuu, imeisha hiyo. Italipia mambo mengine na mtaro utabaki umeziba. Na amana je? Kuna chupa ambazo hazitarudi kamwe, na amana yake inabaki kwa mtu. Ujerumani inabaki kwa wafanyabiashara. Norway inabaki ndani ya mfumo na kupunguza gharama za kuuendesha. Hizo ni njia mbili zenye matokeo tofauti: kwenye ile ya kwanza kuna mtu anayefaidika chupa isiporudi.

Na waokota chupa? Ndio wanaokusanya sehemu kubwa ya plastiki inayochakatwa katika nchi nyingi, bila ajira wala glovu. Mkiweka mashine ya kupokea chupa mlangoni mwa duka, mmewanyang'anya kazi siku hiyohiyo.

Mleta mada

Karani, hapo ndipo ningetaka sheria iandikwe kwa kalamu nzito. Amana zisizodaiwa zisiende kwa mwenye kiwanda wala hazina. Ziende kwenye mfuko maalumu wa fedha unaolipa kwa kilo vitu alivyovitaja Kizibo, vile visivyo na mnunuzi: chupa za rangi na vipakiti. Na anayelipwa awe mtu yeyote atakayeleta mzigo kwenye kituo, mwokota chupa akiwa wa kwanza kusajiliwa, mwenye duka wa mwisho.

Nanga, mfuko wako mwembamba nauachia marufuku. Vipakiti je, unavifuta navyo, au unasubiri mbadala?