Miti ya ukutani kwa Rehema

Rehema: Shikamooni wakubwa. Ukuta wa nyumba ya Kibada, Kigamboni, umeisha, alhamdulillah. Nataka miti upande wa magharibi, jua la saa kumi linaingia sebuleni lote. Iwe kijani mwaka mzima, isipukutishe. Fundi bustani anasema fikasi.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba, hongereni sana. Isiyopukutisha haipo 😂 Hata mwembe unadondosha, ila kidogo kidogo, huuoni ukibaki mtupu. Mkungu ndio usiuguse, unageuka mwekundu kisha unamwaga yote.

Mjomba Hamisi: Karo la choo liko upande gani?

Rehema: Hukohuko mjomba 🙈

Mjomba Hamisi: Basi fikasi sahau. Mizizi yake inafuata maji, itaingia kwenye bomba na kupasua karo. Panda ashoki, ile nyembamba. Mita moja toka ukutani, futi tano kati ya mche na mche.

Juma: Ashoki haina kivuli, nguzo tu ile

Mjomba Hamisi: Wewe! Jua la saa kumi linakuja kwa ubavu, si utosini. Miti ikijipanga wima linazuilika. Akitaka pa kutandika mkeka, mwembe mmoja mbele, mbali na karo.

Rehema: Na kule chini kutakuwa wazi? Mama mkwe anasema minyaa.

Shangazi Mwanaidi: Na mtoto anatambaa?? Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja. Weka asmini, jioni mtanishukuru.

Shangazi Mwanaidi: Na miche usichague mirefu. Inua kiriba, ule mfuko wa mche, uangalie chini, ukiona mizizi imetoka na kujizungusha, rudisha. Muuzaji atakwambia "huo ndio umekomaa" 🙄

Mjomba Hamisi: Kiriba kichanwe kabla ya kupanda, wapo wanaofukia nacho. Shimo futi mbili kwa mbili. Kibada ni mchanga, maji hayakai, kwa hiyo samadi ya kutosha na nyasi kavu juu. Usipande sasa, ngoja masika yaanze Machi, utaokoa bili ya maji.

Juma: Samadi ninayo, gunia mbili za mbuzi. Nalipisha soda tu

Shangazi Mwanaidi: Iwe imeoza. Mbichi inaunguza mizizi.

Rehema: Ya lini hiyo Juma?

Juma: Ya juzi 😅

Mjomba Hamisi: Irundike hapo hapo, ifunike, imwagie maji. Machi si mbali.