Muscadet: mbona nikiinywa naona kama limau tu?

Mgeni wa waini:
Wakuu habari zenu. Mimi nimezoea zile nyeupe tamutamu, sasa juzi nikasema ngoja nijaribu nyeupe kavu ya Kifaransa, nikachukua Muscadet maana jina nililifananisha na Muscat nikajua nitapata ile harufu ya maua. Kufungua, hamna! Kali kama limau, harufu ya kutafuta, halafu ukishameza inabaki kama chumvichumvi hivi ulimini. Ilikuwa imelala kwenye friji usiku kucha. Ndo ilivyo au ile chupa ilikuwa mbovu? Nataka niielewe kwa kweli.

Baba Zabibu:
Chupa yako ni nzima kabisa mkuu. Muscat na Muscadet majina tu ndo yanafanana. Muscadet inatoka huko karibu na Nantes, mto Loire unapokaribia kuingia bahari ya Atlantiki, na zabibu yake inaitwa Melon de Bourgogne. Asili yake Burgundy, mkoa wa Ufaransa ambao wenyewe wanauita Bourgogne, kama jina linavyosema, ila baridi kali ya 1709 iliua mizabibu mingi ya Nantes, na hii kwa vile inavumilia baridi ndo watu wakaipanda kwa wingi. Ni zabibu isiyo na makelele, harufu yake ndogo kiasili, sasa wewe ukaigandisha na hicho kidogo kikajificha. Itoe kwenye friji kama dakika 20 kabla ya kunywa, ikifika nyuzi 10 hivi inaanza kuongea.

Dada Mezani:
Naongezea, angalia lebo kama imeandikwa sur lie. Maana yake waini imekaa juu ya mashapo ya chachu majira yote ya baridi, haihamishwi, inatolewa pale pale inaingia kwenye chupa. Ndo inapata uzito kidogo mdomoni, kaladha ka unga wa mkate uliochachuka, na wakati mwingine kagesi kanakochokonoa ulimi. Kama yako haikuwa na hayo maneno basi hujakutana nayo vizuri bado. Na usiinywe peke yake jamani, weka chaza au kome pembeni, ule ukali unaokusumbua unakuwa kama umekamulia limau kwenye chakula.

Mgeni wa waini:
Asanteni sana. Kulikuwa na nusu chupa imebaki, nimeiacha nje kidogo kama Baba Zabibu alivyosema, aisee nimepata harufu ya tufaha bichi ambayo juzi sikuiona kabisa. Lebo haina sur lie. Na kuna mtu kaniambia hizi ni za kunywa changa tu, ni kweli?

Baba Zabibu:
Nyingi ndiyo, ila sio zote. Tafuta zilizoandikwa Clisson, Gorges au Le Pallet, hayo ni maeneo yaliyotambuliwa rasmi 2011, waini zake zinakaa kwenye mashapo muda mrefu zaidi, za Clisson na Gorges miaka miwili hata kupita. Lakini anza kwanza na sur lie ya kawaida, uzoee, ndo uje huku, la sivyo tofauti yake hutaisikia.