Mrejesho: Tarangire na Ngorongoro na watoto

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza tujiandae vipi kiafya kwa safari yetu ya kwanza ya kuona wanyama, Tarangire kisha Ngorongoro, tukiwa na watoto. Asanteni sana mliojibu.

Aliyesema tuepuke nguo za bluu na nyeusi kwa sababu ya mbung'o, wale nzi wang'ataji wanaovutwa na rangi hizo, ubarikiwe. Tulivaa kaki. Shemeji alikaidi, akaja na jinzi yake ya bluu. Tarangire walimng'ata mapaja juu ya suruali hiyo hiyo. Ila tusidanganyane, hata sisi wa kaki tulionja. Dawa ya kupaka ilifukuza mbu wa jioni, mbung'o wala haikuwashtua. Kilichosaidia ni kufunga vioo.

Masweta yalitufaa mno: ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300 juu, alfajiri meno yaligongana. Mtoto wetu mdogo alitapika njiani. Tangawizi haikumsaidia kitu, kumtoa kiti cha nyuma kabisa ndiyo ikawa dawa, na ORS, zile chumvichumvi za kuchanganya na maji ya kunywa, zikamrudishia nguvu. Vumbi ndilo lililonishinda, barakoa nilivaa na mafua nikapata.

Malaria, hadi leo hakuna aliyeugua. Mtakaokwenda Juni, ongezeni kofia za sufu.