Taka za majumbani Mjini: vyombo vingapi kila nyumba?

Mkunazini_2
Assalaam aleikum. Mji ukiamua kuchukua taka zilizokwisha chambuliwa nyumbani, kila nyumba iwe na vyombo vingapi? Wapo wanaotaka vitano: chakula, plastiki, karatasi, makopo na chupa za kioo. Kwa Mji Mkongwe, ambako gari haliingii vichochoroni na nyumba nyingi hazina ua, nnaona haitawezekana. Na zichukuliwe kila siku au kwa zamu?

BiMboji
Waaleikum salaam. Viwili: mbichi na kavu. Sehemu kubwa ya uzito wa taka zetu ni maganda ya ndizi na muhogo, matumbo ya samaki, machicha ya nazi. Hizo ndizo zinazoharibu nyengine. Karatasi ikishaloa mchuzi haiuziki tena.

Mbichi itiwe kwenye ndoo ya lita 10 yenye kifuniko na ichukuliwe kila siku. Kwa joto letu mayai ya nzi huangua ndani ya siku moja. Kavu itiwe kwenye polo, mara moja kwa wiki.

Makumbi na vifuu visitiwe kwenye mbichi. Huchukua muda mrefu mno kuoza na hukwamisha rundo zima la mboji. Kuni ndiyo kazi yake. Pampasi hazimo huku wala kule: zifungwe peke yake, ziende jaani Kibele.

Mizani_Amani
Nakubaliana na Bi hapo juu, ila mpango huu huvunjika kwenye rikwama, yaani mkokoteni wa kuchukulia taka, si jikoni. Watu wakiona ndoo na polo vinamwagwa pamoja, wiki ya pili hachambui mtu. Siku ya kavu ipite rikwama yake peke yake.

Pigeni hesabu kabla ya kununua vyombo. Tuchukulie nusu kilo kwa mtu kwa siku: nyumba 100 za watu sita ni kilo 300. Mbichi ikiwa kilo 180, rikwama inayobeba 150 itakwenda safari mbili kila asubuhi kwa nyumba hizo tu.

Kavu haina uzito, ina ujazo. Chupa ya maji ya nusu lita ni gramu 15 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka chupa kama 65. Polo la chupa zisizokandamizwa linajaa upepo tu. Fungua kizibo, ikanyage, ndipo uitie. Vizibo visikusumbue, kwenye kituo taka zinakopelekwa hutengwa kwa beseni la maji: chupa huzama, vizibo huelea.

Kioo kiachwe mwanzoni. Ni kizito, na nauli ya kukivusha Dar es Salaam inakula bei yote.

Mkunazini_2
Ahsanteni. Na masika je? Polo likikaa barazani litaloa.

BiMboji
Lisikae barazani. Rikwama ipite saa ileile kila wiki, ipige kengele, polo litoke ndani hapo hapo. Hata wa ghorofa ya tatu ataisikia.

Masika shida kubwa iko kituoni. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu, maji ya taka hushuka upesi hadi visimani. Kituo kiezekwe, sakafu iwe ya saruji, iinuliwe na iwe na mfereji wa kukusanya maji hayo. Rundo la mboji: ndoo moja ya mbichi kwa mbili za majani makavu. Likae kwenye joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, ligeuzwe mara tano. Likinuka, limekosa hewa au limezidi maji: ongeza majani makavu, ligeuze siku hiyo hiyo.