Bando "bila kikomo" linakata roho Wyoming, halafu mnatuambia redio ya setilaiti imepitwa na wakati!

Wakuu, habari za majukumu. Sina utangulizi mrefu. Nimechoshwa na wanaotuuzia intaneti ya kusikilizia redio garini, na nimechoshwa zaidi na watu wa mjini wanaoendesha dakika ishirini kwenda kazini, halafu wanakuja humu kutufundisha kwamba redio ya setilaiti (ile ya kulipia kwa mwezi, kifaa cha garini kinashika mawimbi moja kwa moja kutoka angani) ni mambo ya wazee, eti siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Kwenye simu ya nani? Iliyoshika mnara upi?

Kwa wasionifahamu, mimi ni dereva wa masafa marefu hapa Marekani. Navuta trela la friji: nyama kutoka Nebraska kwenda California, narudi na mboga na matunda. Njia yangu ni I-80, barabara kuu ya kwenda magharibi. Sheria inaniruhusu kuendesha saa 11 kwa zamu, na saa zote hizo niko peke yangu na usukani. Bila mtu wa kuongea masikioni, macho yanafunga. Anayedhani natania aje avuke jimbo la Wyoming mwezi wa pili, maili kama 400 za upepo na nyasi, aone.

Sasa sikilizeni kisa. Kampuni yangu ya simu (jina siweki, wasije wakafuta uzi) iliniuzia laini ya data "bila kikomo". Tangazo limejaa milima, barabara ndefu na familia inacheka ndani ya gari. Omaha mambo safi. Lincoln safi. Mpaka North Platte unakula vipindi vya Dar kama uko Sinza. Ukishavuka kuingia Wyoming, ukapanda ile Sherman Summit, mita 2,600 na ushee, hapo ndipo unawajua. Kati ya Laramie na Rawlins, pale Elk Mountain, simu inahangaika baa moja, hakuna, baa moja, hakuna. Hilo ningelisamehe, mlima ni mlima. Kilichonitoa povu ni ule ujumbe ulioingia nikiwa nimeshika baa tatu nzima: umemaliza kiwango chako cha data ya nje ya mtandao wetu.

Kiwango gani tena, si mlisema hakuna kikomo? Nikapaki, nikafungua mkataba. Kumbe sehemu kubwa ya huko porini minara si yao, ni ya kampuni nyingine, wao ni wapangaji tu. Na ukiwa kwenye minara ya watu, wanakupa megabaiti 200 kwa mwezi. Imeandikwa kwa maandishi ya kusomea na hadubini. Piga hesabu: redio ya mtandaoni yenye ubora wa kawaida, kilobiti 64 kwa sekunde, inakula karibu megabaiti 29 kwa saa. Megabaiti 200 ni saa saba. Saa saba kwa MWEZI, kwa mtu anayeendesha 11 kwa SIKU. Zikiisha wanakushusha kasi mpaka hata ramani haifunguki.

Nikawapigia. Dada wa huduma kwa wateja, mpole kabisa, akaniambia ramani yao inaonyesha eneo hilo lina mtandao. Nikamwambia dada yangu, mtandao upo, mnachoninyima ni ruhusa ya kuutumia. Akaniuliza kama nimejaribu kuzima simu na kuwasha. Nikamshukuru, nikakata. Hana kosa yule, anasoma alichopewa.

Watu wakisema redio ya mtandao imeiua ya setilaiti nashindwa kuwaelewa, kwa sababu hivi vitu viwili havifanyi kazi kwa namna moja. Setilaiti inamwaga mawimbi yaleyale chini, mwenye kifaa anayapokea. Tukisikiliza kumi au milioni kumi, kule juu hakuna kinachoongezeka. Mtandao sivyo: kila msikilizaji anachotewa fungu lake kutoka kwenye mnara, na mwenye mnara anahesabu kila tone. Ndiyo maana huku kuna kikomo na kule hakuna. Mmoja anakulipisha ada ya mwezi basi, mwingine anakulipisha ada ya mwezi kisha anakupimia.

Na hii teknolojia si ya juzi. Leseni zilitolewa mwaka 1997 kwa kampuni mbili, zilizokuja kujulikana kama Sirius na XM. XM waliingia hewani 2001, setilaiti zao mbili wakaziita Rock na Roll. Sirius walifuata 2002 wakiwa na setilaiti tatu zinazozunguka kwa njia yenye umbo la yai, ili muda mwingi ziwe juu ya vichwa vya watu huku kaskazini. Mjini, penye maghorofa, wakasimika mitambo ya ardhini ya kurudia mawimbi. Mwaka 2008 wakaungana. Zaidi ya miaka ishirini dereva wa lori anatoka New Jersey mpaka Oregon bila kugusa kitufe. Ukiingia handaki la Green River, hapo hapo Wyoming, inanyamaza, ukitokea upande wa pili jamaa anaendelea na stori yake.

Tena sisi Waafrika tusijione wageni kwenye hili. AfriStar, setilaiti ya WorldSpace, ilirushwa Oktoba 1998, kabla Sirius na XM hawajarusha ya kwanza. Mwanzilishi wake, Noah Samara, ni mzaliwa wa Ethiopia. Ile haikuwa ya kwenye gari, ilikuwa redio ya mezani na antena yake unaielekeza angani mpaka ishike, na bei yake mwananchi wa kawaida alikuwa anaiangalia dukani tu. Oktoba 2008 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika. Ndugu zetu wachache nyumbani walikuwa nayo, na ukimkuta mmoja wao leo atakusimulia mpaka chai ipoe.

Msidhani nawapigia debe watu wa setilaiti. Nao nina maneno yao. Chaneli zaidi ya mia, kuna Kihispania, kuna Kifaransa cha Wakanada, kuna chaneli nzima ya madereva wa malori, mtu anaongelea matairi na bei ya dizeli mpaka unalala. Kiswahili hakuna hata saa moja. Chaneli za mazungumzo zimebanwa ili zienee nyingi, mtu anasikika kama anaongea ndani ya debe. Kwenye korongo refu inakata, chini ya miti mikubwa inakata. Na mwezi wa majaribio ukiisha, bei ya kwenye karatasi na bei anayolipa jirani yako kwa chaneli zilezile havifanani. Haya yote nayajua. Lakini inakuwepo pale ninapofanyia kazi, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya redio.

Kwa hiyo mtu kama mimi nabaki wapi? Kiswahili kipo mtandaoni tu, na mtandao haupo barabarani. Mechi ya saa kumi na moja jioni Dar, kwangu kipindi cha baridi ni saa moja asubuhi, ndiyo kwanza natoka Laramie. Dabi ya Kariakoo, mtangazaji kapandisha sauti, "anaingia ndani ya kumi na nane, anamtoka beki, anapiga…" Kimya. Kale kaduara kanazunguka. Kanazunguka maili nane. Ikirudi, haianzii ilipokatikia wala haikwambii matokeo. Inaanza na tangazo la kubeti! Tangazo hilo, cha ajabu, halikatiki hata sekunde.

Na siwezi kushika simu kuiamsha. Tangu 2012 dereva wa lori la biashara haruhusiwi kushika simu akiendesha, faini ni nzito na leseni inaingia doa. Kwa hiyo programu ikijifunga, na zinajifunga kweli, nakaa kimya mpaka kituo kinachofuata cha malori. Huo ndio usasa mnaonisifia.

Hapa niwageukie na wenye redio za nyumbani. Wakuu, nani aliwaambia kila msikilizaji yuko kwenye Wi-Fi ya ofisini? Nafungua programu ya redio nisikie taarifa ya habari ya saa mbili usiku, inanipakulia picha, video ya studio inayocheza yenyewe, mabango ya promosheni, halafu ndiyo sauti. Mimi nataka sauti. Sauti ya mtu anayesoma habari inasikika vizuri kabisa kwa kilobiti 32, mkitumia ufinyazaji wa kisasa wa AAC. Hiyo ni megabaiti 14 na kidogo kwa saa. Wekeni kitufe cha "data kidogo". Wekeni akiba ya dakika mbili tatu ndani ya simu ili mnara ukipotea mtu asikatiwe palepale. Na taarifa ya habari ikishasomwa, iwekeni kama faili nilipakue nikiwa Cheyenne nimepaki. Wengine mnafanya, Mungu awabariki. Wengi hamfanyi, halafu mnajisifu mna wasikilizaji "dunia nzima".

Ila wanaonitisha kuliko wote ni watengeneza magari, maana hawa ndio wanaofunga mlango kabisa. Ford walitangaza 2023 kwamba wanaondoa redio ya AM (ile ya kizamani inayofika mbali) kwenye magari mapya, wakarudi nyuma baada ya Bunge la hapa kukunja uso. Magari kadhaa ya umeme yamekwishaondoa AM, kisingizio mota inaleta kelele kwenye mawimbi. Gari za Tesla nyingi hazina redio ya setilaiti. Kampuni ninayovutia mizigo imeleta vichwa vipya vya malori, kioo kipana ajabu, kifaa cha setilaiti hakuna. Namuuliza msimamizi, ananijibu "unganisha simu yako". Simu ileile!

Wakati huo huo mwaka 2022 kampuni kubwa za simu zilizima mtandao wa zamani wa 3G, na magari mengi tu, mengine hayajachakaa hata viti, yakapoteza intaneti yake ya ndani. Mwenye gari hakuharibu chochote. Aliamka akakuta kitu alicholipia hakipo. Redio ya AM ya lori kuukuu la miaka ya themanini bado inashika kituo cha KOA cha Denver, 850, na usiku KSL ya Salt Lake City, 1160, kila moja wati 50,000, unaisikia ukiwa mbali hujui hata ni jimbo gani. Barabara ikifungwa kwa theluji, hao ndio wanaokwambia. Ukikaa kusubiri ujumbe wa simu kwenye eneo lisilo na mnara, utakuta theluji imefika kwenye bampa.

Najua atakuja mtu hapa na jibu la "nunua Starlink", ile intaneti ya setilaiti. Mkuu, kichwa si changu, ni cha kampuni, siruhusiwi kutoboa wala kugundisha kitu juu. Na hata kingekuwa changu, nilipe laini ya simu, nilipe na Starlink, ili nisikie goli? Mwingine atasema pakua nyimbo. Nyimbo ninazo za kutosha kuvuka Marekani mara mbili. Nataka mtu anayeongea sasa hivi, aniambie Mbeya kuna mvua na Kariakoo kuna foleni.

Ninachouliza ni hiki, na majibu ya kejeli pelekeni kwenye nyuzi nyingine. Ndugu zangu madereva mnaopita I-80 na I-90, Wakenya, Wakongo, Warundi, wote: laini gani kweli ina minara yake yenyewe kati ya Cheyenne na Evanston, na kati ya Wendover na Winnemucca? Sitaki ramani ya tangazo, nataka aliyepita mwezi huu. Na redio gani ya Kiswahili ina mkondo wa kilobiti 32 au chini yake, inayofunguka bila kupitia programu yao? Wekeni anwani hapa. Mwenye jina la redio ndogo ya USB inayorekodi mkondo ukiwa kwenye Wi-Fi naye anitajie na bei.

Ile kampuni ya simu nimeshaiandikia malalamiko, na nakala nimepeleka kwa tume ya mawasiliano ya hapa, FCC. Wana fomu mtandaoni, na kampuni inapewa siku 30 kujibu. Nikijibiwa nitaweka jibu lao hapa neno kwa neno, bila jina.